Mitini Inanyauka na Mvua Inanyesha

Jumapili, 17 Novemba

Dorice, anza na tarehe. Bwana shamba kasema tarehe ndiyo ya kwanza, maneno baadaye.

Haya. Mimi ni Josefina, Mama Venansi, wa hapa Kasokola. Kusoma sijui. Anayeandika ni Dorice, mke wa mwanangu Venansi, mwenye cherehani. Mimi nasema, yeye anaandika, na asipunguze.

Juzi bwana shamba Ezekia alikuja na pikipiki yake nikamwonyesha mitini yangu, majani yana madoa. Akageuza jani upande wa chini, akalisugua, kidole kikatoka na unga wa kahawia kama kutu ya bati kuukuu. Akasema, bibi, hii tunaiita hivyo hivyo, kutu. Inakuja na mvua, inachosha mti lakini haiui. Okota majani yanayoanguka, yachome. Halafu akasema, kata nzima niko peke yangu, siwezi kuja kila wiki, na mti hauna mdomo wa kusema umeanza kuumwa lini. Nunua daftari, andika unachokiona na siku uliyokiona. Nikamwambia baba, mimi hata ng'ombe akikojoa akachora herufi mchangani nitaikanyaga nipite. Akacheka, akasema, si unaye mkwe?

Ndiyo hili kauntabuku.

Mitini ni mitatu. Wa mlangoni, wa kati, na wa mpakani, ule uliogusana na ua wa wifi yangu Verdiana. Marehemu mume wangu Apolinari alikuwa mpishi wa mapadre kule misheni ya ziwani. Siku anaacha kazi padre alimuuliza nikupe nini, watu wengine wangesema baiskeli. Yeye akasema nipe kijiti cha mtini. Kijiti! Nililia wiki nzima. Sasa baiskeli ingekuwa wapi leo? Mtini upo, umezaa wenzake wawili, na hakuna mwingine hapa mpaka ufike mjini Mpanda, isipokuwa ule mmoja mdogo niliompa Verdiana miaka sita iliyopita, kwa sababu ni dada yake Apolinari na alinisumbua sana.

Na mwaka huu Sista Séverine, yule mrefu aliyetoka Kongo, ameomba miche arobaini ya nyumba yao mpya ya Kabungu. Atakuja kuichukua baada ya Pasaka. Arobaini, Dorice, iandike kwa maneno siyo kwa tarakimu. Mti wa Apolinari utaota kwa masista. Vijiti nimekata Agosti, nimevichomeka kwenye viriba vya plastiki, nimejaza udongo mweusi mzuri ule ule niliowatilia wakubwa mwaka jana mwezi wa kumi na mbili. Vyote vimetoa majani.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Majani tumeokota debe mbili. Hayakuwaka, yameloa.

Ijumaa, 29 Novemba

Sisimizi wanapanda wa kati kwa mstari kama watu wanaokwenda mnadani. Sisimizi hapandi bure.

Jumanne, 3 Desemba

Nilijua. Kwenye makwapa ya matawi kuna vidudu vyeupe kama pamba, ukivibonyeza vinatoa maji yanayonata. Sisimizi wanakula hiyo sukari yao. Dorice alipiga picha akamtumia Ezekia kwenye simu. Akajibu: chovya kitambaa kwenye maji ya sabuni ya kipande, futa, wamalize. Tumefuta siku nzima. Shingo inaniuma. Wa mlangoni na wa mpakani hawakuwa nao wengi.

Jumamosi, 14 Desemba

Wa mpakani umegeuka njano. Siyo madoa. Njano jani zima, na inaanzia chini inapanda juu.

Sasa nitasema jambo na Dorice ataandika. Verdiana anauza migebuka, samaki wa kukausha. Inatoka ziwani ikiwa na chumvi nyingi, yeye anailoweka kwenye beseni ipungue makali, halafu yale maji ya chumvi anayamwaga. Anayamwaga wapi? Kwenye ua, upande wangu. Nimeona kwa macho haya. Leo nikamwambia, wifi, hiyo chumvi inakwenda kwenye mti. Akanijibu huku kainama, "Mti gani? Ule wa kaka yangu?"

Nikamwambia wa kwangu.

Akasema, "Ewaa. Kumbe Apolinari alizaliwa kwenu."

Huyu mama tangu nimeolewa hajawahi kukosa jibu. Siku ya harusi yangu alisema mbele ya watu kwamba kaka yake kanichagua jioni, taa imeisha mafuta. Watu walicheka mpaka mpiga ngoma akaacha ngoma. Hata mimi nilicheka, lakini sijasahau.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Verdiana kaja, kala, kasifia wali, kasema nyama ngumu.

Jumatatu, 6 Januari

Hiki kitu sijawahi kukiona tangu nizaliwe. Mvua imenyesha juzi, imenyesha jana, ukichimba na kidole udongo umelowa. Lakini saa sita mchana mitini yote mitatu inalegea majani kama iko kiangazini. Jioni inasimama tena. Kesho yake saa sita inalala.

Sasa mti unaonyauka wakati miguu yake iko kwenye maji, huo unataka nini?

Alhamisi, 9 Januari

Kwenye shina la wa kati kuna tundu na chini yake unga wa mti, kama fundi seremala amepita. Ezekia kasema kwa simu ni funza, ingiza waya. Nikaingiza waya wa spoku ya baiskeli nikamtoa, mnene kama kidole cha mtoto, na kichwa cheusi. Nikampa kuku. Nikasema leo ndiyo mwisho wa ugonjwa.

Saa sita miti ikalegea yote mitatu. Na tundu lilikuwa kwa mmoja tu.

Jumamosi, 18 Januari

Leo sala ya jumuiya ilikuwa kwangu. Wamekuja watu kumi na tisa, mwenyekiti wa jumuiya kasoma Injili, tumesali. Ikafika pale mwenyekiti anapouliza nani ana neno la familia.

Sikuwa nimepanga. Au nilikuwa nimepanga, sijui. Nilisimama nikasema nina neno. Nikasema kuna mtu hapa tunasali naye, tunapeana amani mkono kwa mkono, na huyo mtu anaua mti wa marehemu kwa maji ya chumvi kidogo kidogo, kwa sababu mti wake yeye ni mmoja na yangu ni mitatu. Nikasema tokeni mkaangalie. Wangu wa njano. Vukeni ua mwangalie wa kwake, umenawiri kama mboga ya maboga. Mvua hiyo hiyo, jua hilo hilo. Niambieni.

Wakatoka kweli. Kumi na tisa. Wakaangalia huku, wakaangalia kule. Wakarudi ndani, macho yote kwa mtu mmoja.

Verdiana alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Nilingoja anijibu. Akafunga kitenge vizuri, akachukua rozari yake, akasema, "Asante kwa chai, Mama Venansi."

Mama Venansi! Tangu mwaka niliolewa ananiita wifi. Hata siku za ugomvi mkubwa, ananitukana lakini ananiita wifi.

Akaondoka. Chai hakuwa ameinywa.

Jumapili, 19 Januari

Kanisani kakaa benchi la nyuma.

Jumatano, 22 Januari

Mvua kubwa. Mitini imelegea saa sita. Verdiana siku hizi anabeba beseni lake la chumvi anavuka nalo barabara, anakwenda kumwaga kwenye mtaro mbali, na goti lake bovu. Nikasema, unaona, anajua alichokuwa anafanya.

Jumapili, 2 Februari

Mvua imekata. Jua kali. Wiki nzima namwagilia. Mgongo.

Jumanne, 11 Februari

Tini zinaanguka zingali ndogo kama karanga. Nimekata moja, ndani kavu.

Wa mpakani majani yamebaki juu tu, kama mzee mwenye upara aliyeanza chini. Sasa na hii niseme, kwa sababu Ezekia kasema andika unachokiona hata kama hukipendi: chumvi haimwagwi hapa tangu Januari, na mti haujapona. Tena wa mlangoni, ambao uko mbali na ua hatua thelathini, nao una njano chini.

Dorice ameniuliza hapa hapa, "Sasa mama, chumvi ilifikaje mlangoni?"

Nikamwambia andika, usiulize.

Jumamosi, 22 Februari

Mvua imerudi. Jumuiya ilikuwa kwa watu wengine. Verdiana hakuja.

Ijumaa, 7 Machi

Ezekia amekuja. Nimemsubiri toka Januari. Pikipiki yake ilikuwa mbovu, halafu yeye mwenyewe malaria, halafu semina. Nikamwambia Dorice msomee daftari lote toka mwanzo. Akasikiliza amekaa kwenye kigoda, kofia mkononi. Pale pa jumuiya Dorice alipunguza sauti. Nikasema soma kama ilivyo.

Ilipofika ile ya saa sita, kunyauka na udongo umelowa, Ezekia akanyoosha mkono. "Hapo. Rudia hapo." Dorice akarudia. Akasema, "Bibi, umeangalia majani na shina miezi minne. Mizizi umeiangalia lini?"

Nikamwambia mizizi iko chini, nani anaangalia?

Kwanza alikwenda kwa wa mpakani, akashika jani. Akasema, "Chumvi inachoma jani ukingoni, unaona ncha imekauka kahawia kama karatasi iliyopitiwa na moto. Hili halina kitu ukingoni. Hili lina njaa. Mti huu unakula lakini chakula hakipandi." Halafu akasema mtini ni mti mgumu, unavumilia chumvi kuliko mahindi. Nilisikia lakini nilijifanya naangalia kuku.

Akaomba jembe. Akachimba pole pole kama anayetafuta viazi asivikate. Akavuta mzizi mmoja mwembamba, akaukung'uta, akauweka kwenye kiganja changu.

Jamani. Mzizi wa mti unajulikana, unanyooka, laini kama uzi. Huu ulikuwa na vinundu, vinundu, vinundu, mwanzo hadi mwisho, kama rozari. Nilifikiri ni mayai. Akapasua kimoja kwa kucha. Akasema ndani kuna minyoo midogo huwezi kuiona kwa macho, inaingia kwenye mzizi, mzizi unavimba, maji hayapiti. Ndiyo maana saa sita jua likiuliza maji, mti hauna cha kujibu.

Akachimba wa kati. Vinundu. Wa mlangoni. Vinundu.

Nikamwambia mche. Angalia mche mmoja. Nilisema mwenyewe, hakuna aliyeniambia. Akachukua kiriba kimoja katika ile arobaini, akakichana, akaosha mzizi kwenye beseni. Juu majani matatu ya kijani, mazuri, ungeyaweka altareni. Chini vinundu.

Akauliza, "Udongo huu ulitoa wapi?"

Nikamwambia kule mtoni, kwenye kitalu cha zamani cha tumbaku cha Venansi. Udongo mweusi, una majivu, una samadi, mwanangu aliuacha bure, mimi nikauzoa. Nilibeba viroba kumi na viwili kwa kichwa mwaka juzi mwezi wa kumi na mbili. Wengine wanatafuta mbolea, mimi nimeipata bure.

Ezekia akataka kuvua kofia, kumbe alikuwa ameshaivua, akashika kichwa tu. Akasema, "Bibi, tumbaku na minyoo hii ni kama ndugu." 

Halafu akaomba ruhusa avuke kwa Verdiana. Mimi sikuvuka. Nilisimama kwenye ua nikisikiliza. Akachimba kidogo chini ya ule mti wake. Nikamsikia Verdiana, "Unatafuta chumvi?" Ezekia akasema hapana mama. Akauliza, hapa ulitia udongo wa tumbaku? Verdiana akasema, "Nililetewa kiroba kizima na Mama Venansi. Nikaufukia kwenye shimo la njiani kule ambako bodaboda zinakwama. Mimi mti wa kaka yangu siupi udongo unaonuka tumbaku."

Mizizi ya mti wake ilikuwa laini kama uzi.

Jumamosi, 8 Machi

Venansi karudi kutoka shambani nikamuuliza. Kile kitalu ulikiacha kwa nini? Akasema miche ilikuwa inadumaa, ukiing'oa mizizi ina manundu, kile kitalu alikitumia miaka mitano bila kukichoma moto kama walivyofundishwa. Akahamia juu. Nikamwambia kwa nini hukuniambia? Akasema, "Mama, wewe hulimi tumbaku. Ningekuambia ya nini?"

Ni kweli. Na mimi nilizoa siku ambayo yeye hayupo ili asije akataka kuutumia mwenyewe. Andika na hiyo.

Jumapili, 9 Machi

Sijasema kwa mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Sijasema. Verdiana kapita na beseni anavuka barabara. Nilitaka kumwita amwage hapo hapo. Nikaingia ndani.

Alhamisi, 20 Machi

Ezekia alisema minyoo haina dawa ya kuponya mti mkubwa. Utie samadi iliyooza, utie nyasi juu, umwagilie, miti itaishi kwa shida miaka miwili mitatu. Usipande mtini hapo tena. Na jembe lililochimba hapo, na viatu, na miguu, visiende kwenye mti mwingine kabla ya kuoshwa, kwa sababu minyoo inasafiri na udongo. Tangu siku hiyo naosha jembe kama sahani.

Kwaresima hii nilijiwekea nisinywe chai ya sukari. Nakunywa chungu. Nikiwa nakunywa najua kabisa siyo sukari ninayodaiwa na Mungu.

Jumamosi, 29 Machi

Sista Séverine kapiga simu. "Bibi Josefina, watoto wangu arobaini hawajambo?" Anaita hivyo, watoto. Nikamwambia hawajambo. Akasema mashimo wameshachimba Kabungu, wamechimba wenyewe, yako kwa mistari.

Nimekata simu nikaenda kuiangalia ile miche. Iko mizuri. Ukiiona huwezi kujua. Itapandwa, itastawi mwaka mmoja, halafu saa sita moja italegea, na mimi pengine nitakuwa nimeshakufa, nao watasema ni udongo wa Kabungu mbaya. Au watatafuta jirani.

Nilikaa pale mpaka jua likanifikia.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimechoma miche. Yote. Nilichana viriba kimoja kimoja, udongo nikaumwaga kwenye shimo la choo cha zamani, vijiti nikachoma. Venansi kaja kasema mama, si ungeacha kumi uone? Nikamwambia nimeshaona. Ilichukua asubuhi nzima, vijiti vya mtini vina maziwa, haviwaki haraka, vinatoa moshi wa kuchoma macho. Dorice anasema nililia. Ni moshi.

Halafu nikampigia Sista. Nikamweleza toka mwanzo, tumbaku, viroba, vinundu. Akasema, "Mashimo yatangoja, bibi. Kuna mti mwingine ulio mzima?"

Nikasema uko mmoja.

"Wa nani?"

Jumamosi, 12 Aprili

Kesho ni Matawi. Jumuiya leo imekuwa kwa Verdiana. Zamu yake. Wengi walifikiri sitakwenda. Nilivaa kitenge cha Pasaka kabla ya Pasaka. Nilimwambia Dorice njoo na wewe, na daftari.

Walikuwa watu ishirini na mmoja, zaidi ya siku ile. Tukasali. Mwenyekiti akauliza nani ana neno la familia, halafu akaniangalia, halafu akaangalia paa.

Nikasimama. Nikasema mnakumbuka Januari nilisema nini kwangu, mkatoka mkaangalia. Leo nasema mbele yenu nyie nyie. Mti haukuuawa na chumvi. Umeuawa na udongo wa kitalu cha tumbaku, na udongo huo haukuletwa na mtu mwingine, niliubeba mimi kichwani, viroba kumi na viwili, hakuna aliyenisaidia. Mti wa Verdiana ni mzima kwa sababu nilimpa kiroba hakukitia. Nilimsemea uongo ndani ya jumuiya. Nimejua toka tarehe saba mwezi wa tatu, na leo ni tarehe kumi na mbili mwezi wa nne. Hizo siku zote nilikuwa nimenyamaza na akili zangu timamu.

Nikatoa mzizi kwenye pochi, nilikuwa nimeukausha, nikauzungusha watu waushike. Wanaume wawili wanaolima tumbaku walipouona wakasema aaa, wakatazamana.

Verdiana alikuwa anasikiliza mikono iko kwenye mapaja. Nilipokaa akasema, "Umemaliza?"

Nikasema nimemaliza.

"Siku ile ulisema nina mti mmoja na wewe una mitatu. Hilo hujalifuta."

Nikasema sasa wewe una mmoja na mimi sina hata mmoja mzima.

"Hapana," akasema. "Hilo ulilokosea siyo hesabu. Apolinari aliposhuka kwenye lori na kile kijiti, kakipanda nani? Wewe ulikuwa ndani unalia baiskeli. Shimo nilichimba mimi. Maji mtoni nilikwenda mimi kiangazi chote, nikiwa msichana. Halafu ukaja ukasema wangu, wangu, wangu, miaka arobaini. Na mimi nikaomba mche kama mgeni, nikapewa kama sadaka."

Mimi nilikuwa sijui hilo. Au nilijua, kwamba shimo mtu alilichimba na siyo mimi. Sikuwahi kuuliza ni nani. Apolinari hakusema na mimi sikuuliza, mti ulikuwa mlangoni kwangu basi ukawa wangu.

Nikasema, Verdiana, nisamehe. Mara moja tu, sikuongeza kitu, na wote mnajua mimi naongeza.

Mwenyekiti akaanzisha wimbo haraka, sauti mbaya, akakosea ubeti. Verdiana akanimiminia chai akaiweka mbele yangu. Nikainywa na sukari yake, Kwaresima au siyo Kwaresima.

Wakati watu wanatoka nikamwambia kwa sauti ndogo, Sista anauliza vijiti. Akasema, "Jumatatu. Uje na panga lako, langu butu."

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikwenda asubuhi, nimebeba panga. Nilipofika kwenye uwazi wa ua akanisimamisha kwa mkono kama askari wa barabarani. Kaweka ndoo, sabuni na brashi ya kufulia.

"Ezekia kaniambia. Udongo wako hauingii hapa. Panga kwanza, halafu miguu."

Nikaosha panga. Nikavua ndala, nikaziosha. Nikaanza miguu, lakini mimi kuinama nikifika katikati mgongo unafunga. Nikawa nimesimama nimeinama nusu, siendi juu siendi chini, kama bawaba yenye kutu. Majirani wanapita wanaona. Verdiana akaniangalia nilivyokwama, akacheka mpaka akashika ua. Halafu akavuta kigoda akanikalisha, akapiga goti lake bovu, akashika mguu wangu akausugua kwa brashi ya kufulia, kisigino mpaka nyayo, hakuna huruma.

Nikamwambia unanichuna.

"Kisigino hiki kimebeba viroba kumi na viwili. Tulia." Halafu akasema, "Wifi, mguu wa pili."

Dorice, andika wifi kwa herufi kubwa. Haiandikwi hivyo? Andika tu.

Tumekata vijiti thelathini, mti wake ni mdogo hauwezi kutoa arobaini. Udongo tumechimba nyuma ya nyumba yake, ambako hapajawahi kulimwa kitu, na alikataa nishike kijiko mpaka nimenawa mikono tena. Viriba viko kivulini kwake, siyo kwangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Sista Séverine kaja na gari, kaona, kasema atangoja mpaka mvua za mwakani. Akatoa kalamu akauliza aandike miche inatoka kwa nani. Nikasema andika Verdiana. Verdiana akasema "kwa v mbili," na neno hilo halina maana yoyote, yeye naye kusoma hajui.

Jumanne, 6 Mei

Vijiti kumi na nne vimetoa jicho. Beseni la migebuka limerudi kwenye ua.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimekwisha. Upepo wa baridi asubuhi.

Venansi na wenzake wameng'oa wa mpakani, ndio uliokuwa na hali mbaya zaidi. Mizizi tumechoma hapo hapo. Wa kati na wa mlangoni nimewatilia samadi na nyasi, wamelegea saa sita kama kawaida yao, wamesimama jioni. Tini nimepata saba mwaka huu. Nne nimekula, tatu nimempa Verdiana, kasema za kwake tamu zaidi, na ni kweli.

Vijiti ishirini na viwili vimeshika, vinane vimekufa. Kila asubuhi navuka kwenda kuvimwagilia, na kila asubuhi Verdiana yuko kwenye uwazi wa ua na ndoo, anahesabu miguu yangu kama ni minne.

Leo alikuwa jikoni anageuza samaki, moshi umemziba, akanipungia mwiko tu kwamba pita, pita. Nilikuwa nimeshaingia hatua mbili. Nikarudi nyuma kwenye ndoo, nikakaa kwenye kigoda, nikanawa.